Sahani ya Papa Ariel

Watu wa Bel-Air, mtaa wetu, wanasema mama yangu ni mtakatifu. Kwenye jumuiya yetu ya kanisa wamemtoa mfano mara mbili, mbele yangu, wakisema huyu mama amesamehe, tazameni anavyomlisha kila siku mtu aliyemfukuza. Wanaosema hivyo wamekaa kwenye viti vyetu na wanakunywa maji yetu. Wengine kati yao walikuwapo siku ile ya kwanza, wanadhani nimesahau nyuso zao. Sijasahau hata moja. Basi nitaeleza habari ya sahani ile mara moja tu, halafu mtu asinitajie utakatifu tena.

Mama yangu anaitwa Angélique Chomba. Alizaliwa Pweto, ziwani, akaolewa na baba yangu, mfanyakazi wa reli, aliyemleta Lubumbashi akiwa na miaka ishirini na begi moja la nguo. Ni mwanamke mfupi, mnene wa mikono, asiyejua kunong'ona. Akisema jambo jikoni, jirani wa tatu analisikia. Alikuwa akiuza samaki wakavu walioletwa kutoka kwao, lakini nadhani wengi aliwagawa bure, maana hakuna aliyepita getini kwetu saa ya chakula akaachwa aende. Alimkamata mtu mkono. "Ingia, kula kwanza." Ukikataa alikununia siku mbili, na ukila kidogo alikuuliza kama ulikuwa mgonjwa au mwenye dharau.

Baba alikufa kwa moyo nikiwa na miaka sita. Alituachia parcelle: nyumba ya vyumba vitatu, kisima, chumba kidogo cha nyuma, na geti la chuma ambalo mama alikuwa amelipaka rangi ya buluu mwenyewe, hadi nywele zake zikawa na madoa wiki nzima. Mdogo wa baba, Faustin, alikuwa anapanga nyumba mtaa wa pili. Mtoto wake wa kwanza aliitwa Ariel, kwa hiyo watu wote walimwita Papa Ariel, kama mama anavyoitwa Mama Gracia kwa sababu yangu. Tangu matanga ya baba yaishe, Papa Ariel hakuacha kutukumbusha kwamba parcelle ni ya ukoo na mwanamke wa Pweto ni mpitaji. Alikuja siku ya kugawa nguo za marehemu, akachagua viatu vya kahawia vya ngozi, akavivaa palepale, akaondoka navyo.

Ariel mwenyewe hakuwa hivyo. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, mcheshi, mrefu, mlafi. Alikula kwetu kuliko kwao. Alhamisi moja ya kiangazi, mimi nikiwa na miaka tisa, mama alimwekea sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki wa Pweto, akaimaliza na kulamba vidole. Jumamosi akashikwa na homa. Jumatano iliyofuata akafa. Daktari aliandika homa ya matumbo kwenye karatasi, na karatasi ile hakuna aliyejisumbua kuisoma.

Kwetu, kijana akifa, vijana wa mtaa huyachukua matanga mikononi mwao. Wanasema kijana hafi hivihivi, kuna mtu amemla, kuna mlozi. Wanalibeba jeneza mabegani, sita, watatu kila upande, na badala ya kwenda makaburini wanaliacha jeneza "litafute". Wanaapa kwamba si wao wanaolipeleka, ni lenyewe linawavuta. Linayumba, linarudi nyuma, linakimbia, linazunguka. Geti ambalo jeneza litagonga kwa kichwa, hapo ndipo kwa mlozi.

Siku hiyo mama alikuwa amekwisha kuvaa kikwembe, kitenge chake cha msiba, anafunga kitambaa kichwani, tunataka kwenda kuzika. Tukasikia makelele yanakuja. Nilichungulia nikaona jeneza la Ariel linapita nyumba moja, linasita, linapita nyingine, halafu linakuja kwetu mbio, watu mia nyuma yake, vumbi tupu. Liligonga geti la buluu mara tatu. Sauti ile ya mbao kwenye chuma ninaisikia hadi leo nikifunga geti kwa nguvu.

"Mulozi! Atoke! Alimupa samaki, akamukula!"

Mama akatoka. Hakuogopa mwanzoni, alishangaa tu, alidhani wamekosea nyumba. Akamtafuta kwa macho shemeji yake, akamwona amesimama nyuma ya wabebaji, macho mekundu kwa kilio. Alikuwa amelia kweli, simnyimi hilo. Mama akamwita kwa sauti yake ile.

"Papa Ariel! Wewe unanijua. Baambie: haiko mulozi. Sema paka ile!"

Maneno mawili tu alimwomba, kwamba si mlozi; kwetu "paka" maana yake ni "tu". Watu wakanyamaza kweli, wakamgeukia yeye, yeye baba wa marehemu, na angeyasema mambo yangeishia hapo. Papa Ariel akatazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vya baba yangu.

Walimpiga. Walimvunja mkono wa kushoto, na haukuungwa vizuri, hadi leo umepinda kiwikoni. Walitoa magodoro, nguo, picha za baba, mizigo ya samaki, wakachoma vyote uani, na mtaa mzima ukanukia chakula. Jirani mmoja wa nyuma alitupitisha kwenye ua wake bila kusema neno. Yeye huyo peke yake nikimwona namsalimia kwa moyo. Tulipanda lori la mahindi hadi Kasomeno kwa mjomba wake mama, na kabla mwezi haujaisha Papa Ariel alikuwa amehamia kwetu na kulala chumba cha wazazi wangu.

Kasomeno tulikaa miaka mitano. Mama alilima, aliuza pembeni ya barabara ya Kasenga, mkono ukimsumbua kila baridi. Watu wa kule hawakujua habari zetu. Lakini mama aliacha kulisha watu. Alipika mlango umefungwa. Mgeni akija saa ya chakula, alifunika sufuria na kukaa kimya hadi mgeni achoke aende zake. Siku moja mtoto wa jirani alilia njaa mlangoni kwetu na mama akaniambia nimpe muhogo mbichi, mbichi, asije akala kilichopita mikononi mwake. Nyumba walimnyang'anya, sawa, na mkono wakamvunja. Hilo la sahani ndilo ambalo mimi sikuweza kulimeza. Nilikuwa mtoto na nililala nikiwaza moto. Nilimchoma Papa Ariel kichwani mwangu kila siku, nikianzia na viatu.

Tulirudi Lubumbashi ili nisome, tukapanga upande mwingine wa mji ambako hakuna aliyetujua. Mama angeweza kurudia samaki. Badala yake alikwenda moja kwa moja hadi karakana ya majeneza ya Mzee Anaclet, kwenye barabara kubwa, akaomba kazi ya kushona satini nyeupe ya ndani.

"Mama, hauogope masanduku?" Mzee Anaclet akamuuliza. Kwetu jeneza huitwa sanduku.

"Sanduku ilishanifanya yote."

Mimi nilimwuliza nyumbani amepatwa na nini. Kazi ziko nyingi mjini, kwa nini ile? Akanijibu huku anavua viatu: "Nataka nijue kitu iliyonisema."

Akaijua. Alishona mwaka mzima huku anasikiliza mafundi wanavyosimulia, nani alibeba wapi, jeneza lilivuta vipi. Halafu siku moja ya mapumziko, akawaomba vijana watatu wa karakana wabebe naye jeneza jipya tupu, wazunguke uani, wacheke kidogo. Wakalitia mabegani, mama mbele kulia. Akawaambia wafumbe macho, waliache liende linakotaka. Mimi nilikuwapo, nimemletea chakula, niliona kwa macho yangu. Lilikaa. Likayumba. Halafu likaanza kwenda, likipinda kushoto, likiongeza mwendo, vijana wanapiga kelele "inatuvuta! inatuvuta!", hadi likagonga mlango wa choo. Wawili walilitupa wakakimbia hadi barabarani. Mzee Anaclet alicheka mpaka akashika ukuta.

"Choo njo mulozi," akasema. "Njo" kwetu ni "ndiyo".

Mama hakucheka. Alikuwa amesimama anapapasa bega lake. Alinieleza jioni hiyo: alikuwa ameegemea kidogo tu, kidogo sana, upande wa choo, wala hakusukuma. Wale wengine watatu walifuata uzito bila kujua, kila mmoja akidhani mwenzake anavutwa. Hawakuwa waongo. Kati ya wabebaji anatosha mmoja anayejua anakokwenda, na akae mbele.

"Siku ile alikuwa nani mbele?" nikamuuliza.

"Kijana moja wa mutaa. Liévin. Ku kuume." Hakuhitaji hata kufikiri.

Miaka ikapita. Nikamaliza shule. Mama akashona majeneza ya watu wengi, wakubwa na wadogo, na kila familia iliyoingia karakana aliitazama usoni kwanza kabla ya kushika sindano. Nilijua anamsubiri nani. Mimi pia nilikuwa nasubiri.

Siku moja aliyeingia alikuwa Liévin. Nilikuwa na miaka ishirini, nimekaa pembeni na bakuli la chakula cha mama mapajani. Alikuwa mtu mzima sasa, dereva wa pikipiki, kofia ya chuma mkononi, ametumwa na familia kuagiza jeneza. Msichana wa miaka kumi na mitano, akasema, anaitwa Tracy. Mjukuu wa Papa Ariel, mtoto wa binti yake Edith. Amekufa kwa homa, ghafla, anazikwa kesho.

Kisha akamwona mama. Au tuseme aliuona mkono uliopinda, ukishika kitambaa, ndipo akapandisha macho.

"Mama Gracia... njo wewe?"

"Njo mimi. Na wewe njo Liévin. Ulikuwa mbele, ku kuume."

Akakaa juu ya mbao. Mama akaendelea kushona.

"Mama, nilikuwa na miaka kumi na munane," akasema. "Papa Ariel alituita asubui, mimi peke yangu akaniweka ku pembeni. Akaniambia: muanzie kwa Mama Gracia, bibi ya yaya yangu, mutoto alikula kwake. Bale bengine habakujua kitu. Balizania iko sanduku."

"Najua vile munafanyaka."

"Toka ile siku silalake muzuri. Unisamehe, mama."

Mama aligeuza kitambaa. Aliuliza: "Banasema nini mu mutaa?"

"Banasema muzee Faustin njo anakula batoto yake. Ariel, sasa Tracy. Yeye iko anazeeka, bo banakufwa. Vijana bako na hasira."

"Na kesho nani iko mbele?"

"Mimi."

 Akasema, polepole, akiikunja kofia mikononi kana kwamba ni ya kitambaa: "Mama, wewe sema paka. Nitaenda kwenye unataka."

Mama akakata uzi kwa meno. "Njia unaijua. Geti iko buluu tu?"

"Iko buluu tu."

"Basi."

Hivyo tu. Basi. Na wanaomwita mtakatifu waandike neno hilo mahali. Mimi nilifurahi, naliandika wazi. Nilikwenda nyumbani naimba. Mama alibaki karakana hadi jioni akimshonea Tracy satini, na Mzee Anaclet aliniambia baadaye kwamba hakuwahi kuona mishono ile, midogo, iliyonyooka, kama ya nguo ya komunio.

Kesho yake alivaa kikwembe cha msiba. Nilimwambia si lazima aende, habari zitatufikia.

"Nataka anione," akasema.

Tulisimama ng'ambo ya barabara, mbele ya geti letu, saa nne asubuhi. Rangi ya buluu ilikuwa imechakaa, imeliwa na kutu chini, lakini ilikuwa ni ile ya mikono yake. Tulisikia kelele kabla ya kuona kitu. Jeneza likatokea kona, likapita nyumba moja, likasita, likapita nyingine, na nilipomwona Liévin mbele, kulia, amefumba macho, machozi yanamtiririka, nikajua haliendi kwingine. Liligonga mara tatu.

Papa Ariel alitoka na singileti, bila viatu. Kichwa kilikuwa cheupe chote. Sikutegemea awe mzee namna ile, na nilikasirika kwamba amezeeka, kama aliyenipunja. Alisema walikosea nyumba. Vijana wakaling'oa geti bawaba moja. Jiwe la kwanza likampata kifuani. Kijana mmoja alikuwa anakuja anavingirisha tairi la kumchomea, kwa utulivu, kama mtu anayerudisha kitu alichoazima. Na Edith, binti yake mwenyewe, mama wa marehemu, alikuwa mbele ya wote na vitambaa vimemtoka kichwani.

"Ulikula Ariel! Sasa ulikula mutoto yangu! Nani alibakia? Mimi?"

Papa Ariel akaanza kutafuta uso. Nakijua kitendo kile, nimekiona mara moja kabla. Alitafuta kwa majirani, wakatazama pembeni. Alitafuta kwa wazee wa jumuiya, wakatazama chini. Kisha akatazama ng'ambo ya barabara akauona mkono uliopinda. Uso wake ulibadilika taratibu. Alielewa yote, nani, na kwa nini, na tangu lini.

"Mama Gracia!" akaita. "Wewe unanijua. Baambie. Sema paka ile: haiko mulozi!"

Maneno yaleyale. Miaka kumi na moja alikuwa nayo kichwani, hakupoteza hata moja.

Watu wakageuka. Wakubwa wakamtambua mama, ikapita minong'ono: njo yeye, ni yule, amerudi. Wakasubiri. Mama akanyamaza. Nilimshika kikwembe nyuma, nikamwambia chini ya pumzi yangu, nyamaza mama, nyamaza hivyohivyo, tazama viatu vyako. Jiwe jingine likampata Papa Ariel juu ya jicho, damu ikamtiririka shingoni. Mama bado kimya. Alimwacha asubiri. Alimwacha hadi akapiga magoti, hadi tairi likafika getini.

Ndipo akavuka barabara. Kikwembe kikanichomoka mkononi.

Watu walimpisha. Akaweka mkono wake mbovu juu ya jeneza. "Mumuweke mutoto chini," akasema, na wakaliweka. Akamgeukia Liévin. "Sema."

Liévin akasema. Alisema mbele ya wote kwamba siku ya Ariel jeneza halikuvuta mtu, lilipelekwa na bega lake, na bega lake lilitumwa na Papa Ariel. Alisema na leo pia ni bega lake. Wabebaji wenzake wakamrukia, akala makofi na ngumi, na sikumhurumia.

Mngedhani basi watu wangepoa. Hawakupoa. Mtu akapaza sauti: kama alidanganya juu ya sanduku, basi aliyemla Ariel ni yeye mwenyewe, akamtwika mwanamke wa watu! Na hapo ikawa kelele kuliko mwanzo. Ukweli uliokuja kumsafisha mama ulikuwa unammaliza Papa Ariel. Niliona mama ameliona hilo. Ilitosha asimame tu. Mikono yake ingebaki misafi, na moto ungekuwa wa watu wengine.

Akachuchumaa mbele ya Papa Ariel, uso kwa uso.

"Sema kwa kinywa yako."

"Niliongopa, shemeji."

"Nguvu! Ule wa nyuma haisikie."

"Niliongopa! Ariel hakukufwa ku samaki yake! Nilitaka parcelle!"

Mama akasimama. Nimewaambia ana sauti gani. Siku hiyo ilifika hadi barabara ya lami.

"Mwizi, ndiyo! Muongo, ndiyo! Mulozi, haiko!" Akarudia, akiwageukia upande mmoja, kisha mwingine. "Mulozi, haiko! Mutoto alikufwa na homa, sawa vile Ariel alikufwaka na homa. Na ule anasema sanduku inatembeaka yenyewe, akuje abebe nyuma, mimi nitabeba mbele. Nitaipeleka ku nyumba yake!"

Hakuna aliyejitokeza. Wanaume walioapa miaka yote kwamba jeneza linavuta walitazamana, kila mmoja akihesabu ni nyumba gani iliyo karibu. Kijana wa tairi aliondoka kwanza, analivingirisha kurudi alikolitoa. Kisha mama akawaambia wabebaji msichana amechoka kuzungushwa, wamnyanyue, na wakampeleka Tracy makaburini kwa njia iliyonyooka. Mama alifuata nyuma. Alimzika hadi mwisho.

Mimi sikwenda. Nilimsubiri nyumbani nikiwa nimewaka, na alipoingia nilimpigia kelele, mimi niliyemheshimu maisha yangu yote. Nilimwambia amemwokoa. Alikuwa naye mikononi, akamwokoa!

Alikaa, akavua viatu, akavikung'uta udongo.

"Bangemuchoma, angeteseka nusu saa," akasema. "Mimi nilihesabu miaka kumi na moja."

Wiki iliyofuata tulirudi kwetu na magodoro juu ya gari la mkokoteni. Papa Ariel alikuwa uani na furushi lake, anataka kuondoka, ila hakuwa na pa kwenda. Edith alikuwa amemkataza kukanyaga kwake. Watu hawamwiti mlozi mbele za mama, lakini wanawaita watoto ndani akipita, na hakuna nyumba ya Bel-Air itakayompa hata maji. Mama alimwonyesha chumba kidogo cha nyuma. "Kaa pale," akamwambia. Siku hiyohiyo aliwasha jiko uani, mlango wa geti wazi, akasonga bukari, akapika samaki wa Pweto, na nikamwona akijaza sahani ya pili, ya mtu mwingine, kwa mara ya kwanza tangu nina miaka tisa. Nililia. Nililia kwa hasira kwa sababu sahani ile nilijua ni ya nani.

Inakwenda hivi kila siku, saa saba mchana, wakati barabara imejaa watu wanaorudi sokoni na watoto wa shule. Papa Ariel anakaa kwenye kiti kando ya geti, maana mama ndipo alipokiweka kiti. Mama anakuja na sahani juu ya mkono uliopinda.

"Papa Ariel! Simama, kula. Samaki ya Pweto!"

Mtaa mzima unasikia. Wapitaji wanapunguza mwendo. Anasimama, anapokea kwa mikono miwili, anakaa, anamtazama samaki. Kila siku, tonge la kwanza, mkono wake unasita. Yeye aliyewaacha watu mia waamini kwamba chakula hiki kinaua, anajua kuliko mtu yeyote kwamba hakiui, na bado mkono unasita, kwa sababu anamjua aliyepika na anajua alichomtendea. Mama anasimama hapo, mikono kiunoni, hadi anameza. Halafu anakwenda kuwakamata wapita njia mikono na kuwaingiza ndani wale, na wanaingia, na wanakula, na wanasema ni mtakatifu.

Jana mama alikuwa amelala na malaria. Nikapika mimi, nikampelekea Papa Ariel mimi. Hajazoea kuiona sahani mikononi mwangu. Alinitazama, akatazama samaki, akanitazama tena, na macho yake yakaniuliza swali ambalo kinywa hakithubutu.

Nilisimama hadi akamaliza yote, kisha nikamwuliza kama nimwongezee.